KARANI ALIFICHUA WIZI WA BENKI KUU, AKAFA MASKINI. NA SISI WAPINZANI TUJIBU!

Kuna neno moja ambalo vigogo wanalipenda kuliko wanavyoyapenda mashangingi yao. Neno hilo ni SIRI. Linagongwa kwa muhuri juu ya jalada, na jalada likishagongwa muhuri huo, basi hata kama ndani yake mna wizi wa mchana kweupe, wewe mwananchi huna ruhusa ya kuuliza. Ukiuliza, mchochezi. Ukiwa karani ukamwonyesha mtu, msaliti. Ukiwa mwandishi ukaandika, unahatarisha usalama wa taifa. Na taifa lenyewe, ukichunguza, ni wao na mashemeji zao.

Leo nasema na vijana wenzangu. Wewe uliyebahatika kupata kikazi cha ukarani baada ya kusota miaka mitatu na bahasha ya kaki mkononi. Wewe mesenja unayebeba majalada kutoka ghorofa ya pili kwenda ya tano. Wewe dereva unayesikia yote yanayosemwa kiti cha nyuma, maana wakubwa hudhani dereva hana masikio. Wewe wa kibanda cha fotokopi unayeletewa mkataba wa mabilioni na kijana mwenye haraka, unarudufu nakala kumi kwa bei ya soda. Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na nchi hii ina kata nyingi kweli kweli. Swali ni hili: kata ikishajua kwamba mtungini mna nyoka, ifanye nini?

Najua jibu la kijiweni. "Kausha, mwanangu. Kula kimya. Ukiropoka utarudi kupiga debe Mbagala." Jibu hilo si la kijinga, na sitamtukana kijana anayelitoa, kwa sababu nitakupeni habari ya mtu ambaye hakukausha na mtaona yaliyompata. Lakini mkimaliza kusoma mniambie mwizi alikuwa nani na mwaminifu alikuwa nani.

DHAHABU YA HEWA

Aliitwa David Munyakei. Mkenya, karani wa Benki Kuu ya Kenya, aliyeajiriwa mwaka 1991 akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei. Hakuwa mwanasiasa wala mwanaharakati wa semina. Alikuwa karani, mtu wa fomu na mihuri, na meza yake ilihusika na malipo ya wafanyabiashara wanaouza bidhaa nje ya nchi.

Sasa sikilizeni mchezo ulivyochezwa, maana wizi wa kalamu hauna kelele kama wizi wa nondo na usipotulia unakupita hivi hivi. Serikali ya Kenya ilikuwa na sheria ya kuwapa motisha wauzaji wa nje. Ukiuza mali nje, ukaleta fedha za kigeni, Hazina inakuongezea asilimia 20 ya thamani ya ulichouza. Si wazo baya. Mwaka 1990 ikaandikishwa kampuni iitwayo Goldenberg International. Wakurugenzi wake walikuwa mfanyabiashara Kamlesh Pattni na (shikeni viti) James Kanyotu, mkuu wa polisi wa usalama wa nchi ile, yaani yule mtu ambaye kazi yake ilikuwa kujua nani anaihujumu Kenya. Kampuni hiyo ikapewa haki ya peke yake ya kuuza nje dhahabu na almasi. Tena ikaongezewa asilimia 15 juu ya zile 20, zikawa 35.

Almasi! Watu wa Mwadui mko wapi? Kenya haina mgodi wa almasi. Dhahabu iliyochimbwa huko miaka ile ilikuwa kidogo mno. Lakini kwenye makaratasi dhahabu ilitoka kama maji ya bomba lililopasuka, na kwa kila shilingi mia ya dhahabu iliyoandikwa, Hazina ilitoa shilingi 35 za kweli kabisa, za kodi ya watu. Dhahabu ya hewa, fedha za damu. Na juu ya hapo kulikuwa na mikopo ya kugharimia mali kabla haijasafirishwa. Ukishakubaliwa kusafirisha hewa, utashindwaje kukopeshwa kwa ajili ya hewa?

Makaratasi hayo ndiyo yaliyokuwa yakipita mbele ya karani wetu. Malipo makubwa, kampuni ile ile, wiki baada ya wiki. Wakubwa zake waliyaona pia, tena wao ndio waliokuwa wakitia saini. Jengo zima lile lilikuwa na wasomi wa uchumi waliojua hesabu kuliko yeye. Waliona, wakageuza ukurasa, wakaenda chai.

Munyakei alitoa nakala. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa umefanyika Desemba 1992 na bungeni sasa walikuwamo wapinzani. Makaratasi yakawafikia wabunge wawili wa upinzani, Profesa Anyang' Nyong'o na wakili Paul Muite, na mwaka 1993 jambo likalipuka bungeni. Hapo ndipo Mkenya wa kawaida alipolisikia jina la Goldenberg. Alikuwa ameshalihisi tumboni kabla hajalisikia. Dola iliyokuwa wastani wa shilingi 32 za Kenya mwaka 1992 ilikuwa wastani wa 58 mwaka 1993, na mfumuko wa bei mwaka huo ulipita asilimia 40. Sisemi Goldenberg peke yake ndiyo iliyofanya yote hayo. Kulikuwa na noti zilizomwagwa wakati wa uchaguzi, na wafadhili walikuwa wamefunga mifuko. Lakini ukimpa mtu mabilioni kwa kuuza kisichokuwepo, fedha zako zitageuka makaratasi, hata mwanafunzi wa biashara wa kidato cha pili anajua.

Je, polisi walimkamata nani kwanza? Karani!

Alishitakiwa kwa Sheria ya Siri za Serikali. Akawekwa mahabusu. Mama yake mzazi akafariki katika kipindi hicho cha mateso. Mashitaka yenyewe hayakusimama, aliachiwa, lakini benki ilimfukuza kazi. Akakimbilia Mombasa akihofia maisha yake, akasilimu, akaoa, akaishi kwa kubangaiza. Baadaye akarudi kwao upande wa Narok, mbali kabisa na taa za Nairobi. Kijana aliyejaribu kuiokoa Hazina ya nchi akawa hana nauli.

KIAPO KWA NANI?

Hapa ndipo wenye mihuri wanapokuja na hoja yao kubwa. "Aliapa! Mtumishi ameapa kutunza siri za ofisi. Leo akitoa hii, kesho atatoa ipi? Serikali itaendeshwaje?" Wanaisema kwa sauti nzito, wakikohoa kidogo, na vijana wengi wanaogopa.

Tusiogope, tuijibu. Karani huyo analipwa na nani? Gavana? Waziri? Analipwa na mama anayeuza vitumbua ambaye kila akinunua sukari na sabuni anaacha kodi dukani. Huyo ndiye mwajiri. Waziri naye ni mwajiriwa mwenzako, tofauti ni kwamba yeye ana king'ora. Kiapo cha siri katika benki kimewekwa ili mali ya mwajiri isiibiwe. Sasa iweje kiapo hicho hicho kimlinde anayeiba? Mlinzi wa geti ameapa kulinda nyumba. Usiku anamwona mtoto wa bosi, tena na funguo halali, anatoka na friji, televisheni na godoro la baba yake. Akipiga kelele amevunja kiapo? Mlinzi anayenyamaza ndiye aliyevunja, hata kama sare yake imepigwa pasi na kitabu cha zamu amekisaini vizuri.

Muulize shehe wako. Muulize padri au mchungaji wako. Mtu akiapa kumsaidia mwizi, kiapo hicho kinamfunga? Najua watakachokujibu, na ninyi mnajua. Wakubwa hawa hawa Ijumaa wako safu ya mbele na Jumapili wako benchi la mbele, na Jumatatu wanamwambia karani kwamba kutii wezi ni uadilifu!

Wala usidhani kwamba kunyamaza ni kukaa katikati. Katikati hakupo. Fomu haikwendi mezani kwa mkubwa kwa miguu yake. Inachapwa na mtu, inagongwa muhuri na mtu, inaingizwa kwenye daftari na mtu. Wizi wa kalamu unahitaji mikono mingi midogo iliyo safi, ndiyo maana mikono hiyo hutishwa zaidi kuliko inavyohongwa. Siku mikono midogo itakapogoma, kigogo itabidi ajichapie mwenyewe, na wengi wao kompyuta inawapiga chenga.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi kila karatasi imwagwe barabarani. Ramani ya kikosi cha jeshi mpakani ni siri halali. Cheti cha mgonjwa wa hospitali ni siri halali, na nesi anayekisoma mtaani ni mshenzi. Anayeiba mtihani wa kidato cha nne akauuza gesti ni mwizi tu, hana uzalendo wowote. Nyumba ndogo ya bosi wako nayo si habari ya taifa (ingawa mafuta ya gari la kumpelekea vocha, kama ni ya serikali, hayo ni yetu!). Jipime: unachokitoa ni kweli au umbea? Kinamwokoa nani, umma au mfuko wako? Ungekitoa hata kama mwizi angekuwa shemeji yako au mwenyekiti wa chama chako? Munyakei hakupata jumba wala gari kwa karatasi zake. Hilo peke yake linatosha kumtofautisha na mfanyabiashara wa siri.

Na siri halali hutambulika kwa urahisi: ukiifichua, anayeumia ni nchi. Siri haramu ukiifichua, anayeumia ni mtu mwenye jina na akaunti.

USIWACHEKE WAKENYA

Kuna msomaji hapa amekwishatabasamu. Wakenya bwana, nchi ya kitu kidogo! Taratibu, ndugu. Na sisi tuna Benki Kuu, na kule nako kulikuwa na mtungi.

Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa na akaunti ya madeni ya nje iliyoitwa EPA. Katika mwaka wa fedha wa 2005/06, shilingi bilioni 133 zilichotwa humo na kulipwa kampuni 22. Tulijuaje? Hatukuambiwa na gavana. Hatukuambiwa na Hazina. Mtu fulani, mahali fulani, alitoa makaratasi, yakaanza kuzunguka mwaka 2007. Dk. Willibrod Slaa alipotaka kuyashika bungeni, wakubwa walisema ni ya kughushi. Tarehe 15 Septemba 2007 akayapeleka pale Mwembe Yanga, Temeke, mbele ya walalahoi, na akasoma majina hadharani. Vitisho vya kwenda mahakamani vikatolewa kama njugu. Januari 2008 Ikulu yenyewe ikatangaza matokeo ya ukaguzi: bilioni 133, kampuni 22, na gavana Daudi Ballali uteuzi wake umetenguliwa. Miezi michache baadaye Ballali akafariki Marekani, na mengi akaenda nayo kaburini.

Halafu kikaja kichekesho cha mwaka. Waliochota wakapewa muda mpaka 31 Oktoba 2008 wawe wamerudisha fedha. Jaribu wewe uliyeiba kuku Manzese kumwambia hakimu kwamba utamrudisha mwisho wa mwezi! Wachache walifikishwa mahakamani baadaye, na baadhi wakafungwa. Lakini mlango wa kurudisha na kwenda zako nyumbani ulifunguliwa na serikali yenyewe.

Mtu aliyetoa makaratasi ya EPA hatumjui kwa jina mpaka leo. Nami nasema heri. Kama angejulikana mwaka 2007, alipokuwa akiitwa mghushi, ungedhani angepewa nishani au pingu?

Wakubwa watasema sasa mambo yamebadilika, tumetunga sheria. Ni kweli, iko Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Isomeni. Inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika, ambayo kwa lugha ya kawaida ni mkubwa wako wa kazi au chombo cha dola. Tuseme Munyakei angekuwa Mtanzania na angeifuata sheria hiyo. Angepeleka taarifa kwa wale wale waliokuwa wakitia saini, au kwa idara ya usalama ambayo mkuu wake alikuwa mkurugenzi wa kampuni! Panya aende kushitaki kwa paka kwamba nyama inapotea. Na upande wa pili ipo Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, ambayo kwa kutoa waraka wa siri bila idhini inaweza kukupeleka jela mpaka miaka 20. Ulinzi wa mwavuli uliotoboka, adhabu ya nyundo ya chuma. Kijana mwenye akili timamu akipima hivyo viwili atakausha tu, na waliovitunga walijua atakausha.

SASA ZAMU YETU

Mpaka hapa wakereketwa mnapiga makofi. Mnasema "wape vidonge vyao!" Basi shusheni mikono, maana kidonge kinachofuata ni chetu.

Munyakei aliyapeleka makaratasi wapi? Hakuyapeleka kwa balozi. Aliyapeleka kwa wapinzani. Wapinzani wale walisimama bungeni wakasikilizwa nchi nzima. Kwa miaka tisa Goldenberg ilikuwa wimbo wa kila jukwaa la mageuzi Kenya, wimbo uliojaza viwanja na kutoa kura. Desemba 2002 wakashinda. NARC ikaingia Ikulu kwa shangwe ambayo hata sisi huku Dar es Salaam tuliionea wivu. Baadhi ya waliokuwa wapinzani mwaka 1993 wakawa mawaziri wenye bendera.

Je, karani alirudishwa kazini? Hakurudishwa.

Hapo hapakuhitajika pesa ya mfadhili wala kura ya Bunge. Barua moja tu. Serikali iliyoingia madarakani kwa makaratasi yake haikumpatia meza yake. Iliunda tume chini ya Jaji Samuel Bosire kuchunguza Goldenberg, na Munyakei akaenda akatoa ushahidi mbele ya watu wote, bila kujificha. Tume ikafuatilia zaidi ya shilingi bilioni 158 za Kenya zilivyozungushwa. Mwaka 2004 taasisi ya kimataifa ya Transparency International ikampa tuzo ya uadilifu. Tuzo ni heshima, siibezi, lakini tuzo hailiwi na ugali. Julai 2006, miezi michache baada ya ripoti ya tume kutolewa, Munyakei akafa akiwa maskini, na umri wake miaka 38.

Na wale wengine? Hakuna kigogo hata mmoja aliyefungwa kwa Goldenberg. Kesi za Pattni zilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 2013. Jaji aliyezifuta aliundiwa jopo la kumchunguza kwa jinsi alivyoishughulikia kesi hiyo, na mwaka 2016 jopo likapendekeza aondolewe. Pattni mwenyewe aliendelea na shughuli zake. Desemba 2024 Marekani na Uingereza zikamwekea vikwazo, zikimtuhumu kwa biashara ya magendo ya nini? Ya dhahabu! Miaka zaidi ya thelathini baada ya karani kuinua mkono.

Kuna zaidi. Serikali hiyo hiyo ya wanamageuzi haikumaliza hata miaka miwili kabla haijapata Goldenberg yake. Iliitwa Anglo Leasing. Mkataba wa pasipoti wa karibu euro milioni 30 ukapewa kampuni yenye anuani ya Liverpool ambayo ilipotafutwa haikuonekana. Kelele zilipoanza mwaka 2004, fedha zilizokwishalipwa zikarudishwa kimya kimya na watu wasiojitaja (mnaona kurudisha kulivyo dawa ya wakubwa kote Afrika Mashariki?). Aliyefuatilia alikuwa John Githongo, Katibu Mkuu wa maadili ambaye serikali yenyewe ilimteua. Aligundua kwamba wanaomwambia apunguze mwendo ni wenzake wa kwenye baraza. Akawarekodi kwa siri. Februari 2005 akajiuzulu akiwa Uingereza, na Januari 2006 maelezo yake yakatoka magazetini. Waziri wa fedha akajiuzulu huku akisema hana kosa.

Githongo alifanya jambo la kiume na nampa saluti. Lakini pimeni. Githongo alikuwa na jina, na alipokimbia alipokelewa chuo cha Oxford. Munyakei alikimbilia Mombasa kisha akarudi kijijini. Mfichuaji mkubwa ana mahali pa kuangukia. Mfichuaji mdogo anaanguka chini, na wewe msomaji wangu, kama siku moja kata itakuwa mkononi mwako, utakuwa mfichuaji mdogo.

Kwa hiyo nawauliza viongozi wa chama chetu, na ninaandika katika gazeti lao wenyewe ili wasiseme hawakuona. Karani akituletea bahasha kesho, tutamfanyia nini? Nimeona tunavyofanya. Mbunge anasimama, anapunga karatasi hewani, kamera zinalia, makofi yanapigwa, na namba ya jalada inasomeka mpaka nyumbani kwenye televisheni. Kesho yake wanaoshika jalada lile ofisini ni watu wanne tu. Mbunge ana kinga ya Bunge. Karani ana kinga gani? Tumejipatia sifa kwa shingo ya mtoto wa mtu. Mwanasheria wa chama yuko wapi siku anapofikishwa Kisutu? Mfuko wa kumlipia kodi ya chumba miezi sita uko wapi? Pesa za fulana na kofia za kampeni huwa zinapatikana!

Na hizo pesa zenyewe. Vyama vyenye wabunge hupokea ruzuku kutoka Hazina, yaani kutoka kwa yule mama wa vitumbua. Sisi ambao kila siku tunadai mikataba ya madini iwekwe wazi, ni kijana gani wa tawi hapa mjini aliyewahi kuonyeshwa ruzuku ya wilaya yake imetumika vipi? Ukiuliza kwenye kikao unaitwa pandikizi. Pandikizi! Hilo si jina lile lile la "msaliti", limebadilishwa fulana tu? Chama kinachomwita muulizaji pandikizi leo, kikipewa dola kitamwita mhaini. NARC haikuharibika Ikulu, jamani. Ilikwenda Ikulu ikiwa na mazoea yake mfukoni.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema tusubiri tuingie kwanza, uwazi utakuja na sisi. Watu wema walioshika kabati lisilo na kioo tumekwishawaona. Ninachotaka kiandikwe katika ilani, kwa maneno yasiyopinda, ni kwamba anayefichua wizi wa mali ya umma alindwe hata akipeleka taarifa kwa mbunge au gazeti pale ambapo mkubwa wake ndiye mtuhumiwa. Kwamba aliyefukuzwa kwa sababu hiyo arudishwe kazini na alipwe mishahara yake yote. Kwamba muhuri wa siri hauwezi kufunika uhalifu, na anayeugonga kwa nia hiyo ndiye ashitakiwe. Na kwamba mkataba wowote unaolipwa kwa kodi usomeke na mlipa kodi bila kumpigia mtu magoti.

Ilani itachukua muda, itapita kamati, itahaririwa na mawakili. Sawa. Lakini hesabu za ruzuku hazihitaji ilani. Ubao wa matangazo upo nje ya ofisi ya wilaya, na mara ya mwisho nilipopita ulikuwa na karatasi moja tu, tangazo la mkutano uliokwishafanyika. Mweka hazina ana majina yetu na namba zetu. Tumempa wiki mbili.